Uanzie wapi Final Fantasy: ushauri kutoka Mwanjelwa

Mpwa wangu alikuja likizo ya Juni, baridi ya Mbeya imekaza, akakaa siku nne ndani ya blanketi na PlayStation 3 niliyonunua kwa fundi mwenzangu. Akaanza na namba 13 ya Final Fantasy, gemu za Kijapani za hadithi ndefu na mapigano, kwa kuwa kasha lake ndilo lilikuwa juu. Siku ya nne akaweka pedi chini. “Mjomba, hii ni njia moja tu. Natembea, napigana, natembea, napigana.” Nikaona anataka kuyatupa matoleo yote kwa kosa la moja, na ndiyo sababu naandika.

Shika hili kabla ya kugusa chochote: namba si mwendelezo wa hadithi. Kila toleo kubwa lina watu wapya, dunia mpya, na karibu kila mara kanuni mpya za kupigana. Ndivyo ilivyo tangu Hironobu Sakaguchi na wenzake wa kampuni ya Square watoe la kwanza Desemba 1987. Kila mara wanachimba msingi mpya, na kuna msingi unaoshika na unaotitia. Kwa hiyo usianze na namba 1, wala usikimbilie la mwisho.

Anza na namba 9. Ilitoka 2000 ikiwa na CD nne, na tangu 2016 ipo kwenye simu. Unainunua mara moja, haina matangazo, na ukishaipakua yote bando halikuhusu tena. Ndani ya saa ya kwanza utamwona Vivi, mtoto mwenye kofia kubwa iliyokunjamana, anatembea mjini na tiketi ya mchezo wa kuigiza mkononi. Anafika dirishani, anaambiwa tiketi ni ya bandia. Hapo hujapigana na mtu wa maana bado, lakini tayari unamwonea huruma. Kipimo changu cha toleo zuri ndicho hicho: je, kuna mtu ninayemjali kabla ya bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa?

Kabla hujaendelea, fanya mambo mawili. Ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa ATB, weka “Wait”. Kuanzia namba 4 hadi 9 kila mpiganaji ana kipimo cha muda kinachojaa, na ndicho hicho ATB. Kikijaa, zamu ni yake. Usipoweka hivyo, adui anaendelea kukupiga wakati wewe bado unasoma orodha ya uchawi kwa Kiingereza. Ukiweka, muda unasimama ukiwa ndani ya orodha hiyo. Sisi ambao Kiingereza tumejifunzia ukubwani, mpangilio huu ndio unaotupa nafasi ya kufikiri.

La pili ni daftari. Mimi nilitumia kaunta buku: jina la mji, nani kasema nini, neno nisilolijua. Gemu za saa 40 huzimalizi kwa wiki, na ukirudi baada ya siku kumi umesahau ulikuwa unaelekea wapi. Na sevu, yaani hifadhi ulipofikia, kila unapokuta mahali pa kusevu. Namba 7 niliicheza kwa kulipia kwenye banda, na siku moja mtu akasevu gemu lake la mpira juu ya faili langu la wiki tatu. Niliumia sana. Tangu siku hiyo nasevu kwenye nafasi mbili.

Ukimaliza 9, nenda 10. Ni ya 2001, PlayStation 2, ya kwanza kuwa na sauti za waigizaji. Hakuna kipimo kinachokimbia. Pembeni unaona nani anafuata na nani baada yake, unapanga kama bao. Kisha 7. Ukifika 8, usipoteze usiku kucha kutafuta levo (ngazi za nguvu), kwa sababu maadui wengi wanapanda levo pamoja nawe. Nguvu inatokana na uchawi unaoukusanya na kuufunga kwenye mwili wako.

Baada ya hapo ndipo mambo yanayumba. Filamu ya Final Fantasy ya 2001 ilileta hasara kubwa, Sakaguchi akaondoka, Square ikaungana na kampuni ya Enix mwaka 2003. Namba 12 mimi naitetea: unawaandikia wenzako amri, kwamba mtu uhai ukishuka chini ya nusu atibiwe, halafu unatazama mpango wako ukifanya kazi. Namba 13 ya 2009 ina picha nzuri mno, ila inakufungia kwenye njia moja mpaka sura ya 11, na sura zote ni 13. Icheze ukiwa tayari umeipenda familia hii. Namba 15 ilitangazwa 2006 kwa jina lingine, ikatoka 2016, na unaiona hadithi yake ina matobo. Safari ya marafiki wanne ndani ya gari ndiyo inayoibeba. Namba 14 ilianguka vibaya 2010 hadi ikazimwa, Naoki Yoshida akaijenga upya 2013, lakini inataka intaneti kila wakati na malipo ya kila mwezi. Yoshida huyo huyo ndiye mtayarishaji wa 16, ya 2023, ambayo ni ya kupigana kwa vidole vyepesi. Iache mpaka uwe na mashine yenye nguvu kama PlayStation 5 na hamu ya kitu tofauti.

Mpwa wangu alimaliza 9 kwenye simu kabla shule hazijafunguliwa. Sasa yuko namba 6, ile ya zamani iliyosafishwa picha na kutolewa tena 2022. Juzi kanipigia amekwama kwenye jumba la maonyesho, pale Celes, mmoja wa wahusika, anapanda jukwaani kuimba na wewe ndiye unayechagua mstari unaofuata. Maneno yapo kwenye karatasi ndani ya chumba chake cha kuvalia. Yasome, yaandike kwenye kaunta buku, ndipo upande ngazi.