Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubandika Stika Juu ya Rangi

Stika ikibanduka, mwenye duka hulaumu gundi, ilhali mara nyingi gundi haina kosa. Stika hushika rangi, na rangi ndiyo inayoshika ukuta, bati au mbao. Kama rangi yenyewe haijashika chini, hakuna stika itakayodumu juu yake. Kwa hiyo la kwanza kuuliza ni rangi ile ilipakwa lini.

Rangi ya mafuta huweza kukauka mkononi kwa siku moja, lakini ndani yake huendelea kutoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa, na mvuke huo ukizibwa na plastiki hukosa pa kutokea. Niliwahi kubandika maandishi kwenye mlango wa chuma wa duka moja pale Darajani, siku ya tano tu baada ya kupakwa. Wiki iliyofuata herufi zilikuwa zimefura malengelenge kama ngozi iliyoungua, na kila nililolitoboa kwa sindano lilifura tena. Tangu hapo sibandiki kabla ya wiki tatu au nne, na wakati wa masika hungoja zaidi.

Kuta za chokaa za Mji Mkongwe zina hukumu yake. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, usibandike, kwa sababu gundi itashika unga, si ukuta. Isitoshe, mawe ya matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, na si haki kuuziba kwa plastiki ukuta wa namna hiyo. Bango la mbao la kutundika lafaa zaidi. Rangi za maji zinazosifiwa kwa kutoshika uchafu nazo huikataa gundi vilevile, basi soma maelezo ya kopo.

Ukiwa na shaka, bandika kipande kidogo pembeni, kikandamize, kiache mpaka kesho, kisha kivute taratibu. Kikibanduka na rangi, rangi hiyo ikwanguliwe, ipigwe msasa na ipakwe upya. Kikiachia bila kung'ang'ania, tatizo ni uchafu au aina ya rangi.

Huku kwetu upepo wa bahari huacha chumvi isiyoonekana, na daladala nyingi hung'arishwa kwa polishi yenye nta au silikoni. Osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, acha pakauke, kisha pangusa kwa spiriti na ufuatishe kitambaa kikavu kabla spiriti haijaruka, la sivyo mafuta yatabaki palepale. Baada ya hapo usipaguse kwa mkono.

Fanya kazi asubuhi au kivulini, kwani bati lililopigwa na jua la mchana hulainisha stika ikavutika, na gundi hukamata kabla hujainyoosha. Kandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni, ukizidisha kwenye kingo, na mwambie dereva asioshe gari kwa siku mbili.