SOMO: Kuuza haki ya ujenzi ya shamba Pennsylvania bila kupoteza nafuu ya kodi

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Shamba linabaki lako. Unachouza kwa serikali ni haki ya kulijenga au kulikata viwanja, na ukishaiuza imekwenda milele, hata kwa atakayelinunua baada yako.

1. Hakikisha shamba limo katika eneo la usalama wa kilimo, yaani mashamba yaliyosajiliwa pamoja kwa ajili ya kilimo (sheria ya 1981). Eneo huundwa kwa ekari 250, lakini kuuza haki kunataka lifike 500.

2. Omba kwa bodi ya kaunti. Mashamba hupangwa kwa alama, na udongo una uzito mkubwa.

3. Tathmini: bei ya soko, toa bei ya kilimo. Mfano, ekari 80, soko dola 12,000 kwa ekari, kilimo 7,000: haki ni dola 400,000. Ukikubali 300,000, hiyo 100,000 ni zawadi, na ndiyo pekee inayoombewa nafuu ya kodi ya shirikisho.

4. REHANI. Hapa ndipo wengi huumia. Kila anayelidai shamba asaini kwamba deni lake linakaa nyuma ya hati ya hifadhi (ndiyo hati ya kuuza haki hiyo), na saini hiyo isajiliwe kabla ya hati au pamoja nayo. Sababu ni kwamba benki ikilinadi shamba, hati iliyo nyuma ya rehani inafutika, na kitu kinachoweza kufutika si cha milele. Nafuu inakataliwa yote. Usidanganywe kwamba "benki itasaini baadaye": katika kesi ya Mitchell wa Colorado saini ilikuja baada ya zawadi, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema imechelewa. Msisahau mkopo wa pili.

5. Tathmini ya zawadi isitangulie zawadi kwa zaidi ya siku 60. Jaza fomu 8283, ile ya kodi ya shirikisho ya kueleza zawadi.

Maswali

– Mkuu, kwa hiyo shamba linakuwa la serikali?
Hapana. Soma aya ya pili.

– Nimo Clean and Green tayari. Si ndiyo hiyo hiyo?
Siyo. Hiyo ni nafuu ya kodi ya ardhi, ya 1974, na kutoka unaweza: ukibadili matumizi unalipa tofauti ya kodi ya hadi miaka 7 na riba ya asilimia 6.

– Nafuu ikizidi kipato changu cha mwaka?
Swali zuri. Kikomo ni asilimia 50 ya kipato. Anayepata zaidi ya nusu ya mapato yake shambani hufika 100. Kinachobaki husogezwa mbele hadi miaka 15, kwa hiyo mwenye kipato kidogo apige hesabu ya miaka yote 16 kabla ya kuamua atoe zawadi kiasi gani.

– Na mwanangu akitaka nyumba?
Inaruhusiwa nyumba moja ya ziada, isiyozidi ekari 2, ya mwenye shamba au mfanyakazi wa shamba. Ukija kuligawa shamba, andika kwenye hati ni kipande kipi kinabeba haki hiyo, la sivyo ndugu watagombana.

– Clean and Green naomba lini?
Kabla ya tarehe 1 Juni, ianze mwaka wa kodi unaofuata. Chini ya ekari 10 utadaiwa uthibitisho wa mapato ya kilimo ya dola 2,000 kwa mwaka.