Siku ya kuchangia kituo cha afya cha shehia: namna ya kuipanga mpaka fedha ifike

Kabla ya kutafuta spika na masufuria, kamati ya shehia (eneo dogo la utawala hapa Zanzibar, chini ya sheha) iende kituoni ikamuulize daktari dhamana, yaani msimamizi wa kituo: ni kitu gani kinawakwamisha kila siku? Akijibu "tuna shida ya kila kitu", muulizeni tena mpaka kitajwe kimoja. Watu wakiombwa kuchangia "maendeleo ya afya" watatoa mara moja tu, na wasipoona kilichofanyika hawatoi tena. Wakiombwa kuchangia tangi la lita 5,000 na mifereji (bomba za kufungulia maji) minne, kila mmoja anajua mchango wake umekwenda wapi, na akipita njiani analiona.

Dawa msinunue. Dawa za vituo vya serikali hupitia Bohari Kuu ya Dawa. Maboksi yaliyonunuliwa dukani yataleta tabu ya tarehe, ya hifadhi na ya kuandikishwa, na mwisho yatarundikwa pembeni. Mashine nazo zina mitego yake: ulizeni kwanza umeme wa kituo unatosha, vipuri vinapatikana Unguja au Pemba, na nani atakayeitengeneza ikiharibika. Vinavyodumu ni vitu vya kawaida: maji, taa za sola za chumba cha kuzalia, mapazia, mabenchi ya kungojea, choo. Kwa visiwa vidogo kama Kojani, mfuko wa mafuta ya boti kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku una faida kuliko jengo jipya.

Mkishakubaliana, andikeni barua kwa uongozi wa afya wa wilaya muulize kama kitu hicho kimo katika mipango yao. Kuna shehia zimekusanya fedha miezi mitatu, kisha tangi la wizara likaletwa wiki ya mwisho.

Bei yake halisi

Watu wengi huuliza bei ya tangi na kuishia hapo. Maji ya lita 5,000 ni tani 5. Msingi wa matofali mabovu usio na zege na nondo utapasuka, na tangi likiinama paipu zinang'oka. Kwa hiyo lengo lenu lina tangi, msingi, gata za paa, paipu, mifereji, chujio la mdomoni, fundi, na gari la kulitoa mjini, Wete au Chake Chake kwa Pemba, mpaka kijijini. Chukueni ankara kutoka maduka matatu, kisha ongezeni asilimia 10, maana saruji haikai bei moja.

Pimeni na paa pia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 2,000. Toeni moja ya tano inayomwagika, zinabaki 1,600. Mvua tatu za masika za namna hiyo karibu zinalijaza. Paa likiwa dogo sana, tangi kubwa litakuwa pambo, na ni heri fedha iende kwenye paipu ya kuvuta maji.

Siku gani

Hapa ndipo shughuli nyingi zinapoharibikia. Mwezi wa Ramadhani haufai, wala Machi hadi Mei wakati wa masika. Ijumaa haifai mpaka watu watoke msikitini, na nusu siku ni fupi. Shehia za karafuu hushika fedha baada ya mavuno, na kabla ya hapo watu wako mashambani na mifuko imekauka. Kwa hiyo pangeni siku wiki mbili tatu baada ya wengi kuuza.

Kwa shehia za pwani, angalieni mwezi. Siku za bamvua, karibu na mwezi muandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kiasi cha saa 4 asubuhi. Saa hiyo kina mama wako kwenye mwani na kina baba wako miambani. Mkiweka shughuli siku hiyo mtakuwa na viti vitupu, na si kwamba watu hawapendi kituo chao. Chagueni siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, kama tarehe 8 au 23 za mwezi wa Kiislamu. Kama wageni wanatoka kisiwani kwa mashua, mmoja wenu anayejua bahari aseme saa ya kufika na saa ya kurudi kabla ratiba haijaandikwa.

Sheha aambiwe wa kwanza. Kisha barua ziende kwa mkuu wa wilaya, halmashauri au baraza la mji, na polisi, wiki nne kabla. Kiwanja kikiwa cha skuli, mwalimu mkuu naye aandikiwe. Mkileta kikundi cha taarab au muziki, waandikieni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kila barua iwe na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala hizo zikae uwanjani siku yenyewe.

Fedha

Fungueni akaunti kwa jina la kamati au jumuiya iliyosajiliwa, yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Mmoja awe mwanamke, na wote watatu wasiwe wa nyumba moja. Michango ya simu isipitie namba ya mtu binafsi hata akiwa mwaminifu vipi. Akifariki au akipoteza laini, michango ya shehia nzima inaingia kwenye mambo ya mirathi na usajili wa laini, na kuitoa ni kazi. Sajilini namba ya kulipia kwa jina la kikundi. Makato ya kutoa fedha yaandikwe kama gharama, yasifichwe.

Meza ya fedha iwe moja tu, chini ya kivuli, mbele ya watu. Ikae na watu watatu: anayepokea, anayeandika risiti, na anayeangalia. Vitabu vya risiti viwe na namba zinazofuatana na nakala yake ya kaboni. Risiti ikiharibika isichanwe: inapigwa mstari na kubakia kitabuni. Sanduku la sadaka liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa imamu au mwalimu, mwengine kwa mtu wa kamati ya akina mama. Watoto wasipewe makopo ya kuzungukia barabarani. Fedha zao haziandikiki, na ikipotea shilingi 500 lawama inamwangukia mtoto.

Kuhesabu kufanyike papo hapo kabla watu hawajatawanyika. Pangeni noti kwa aina zake: 10,000, 5,000, 2,000, 1,000, kisha sarafu. Mmoja anahesabu, wa pili anahesabu tena bila kuambiwa jibu la kwanza, wa tatu anaandika. Idadi zikitofautiana, rudini kwenye fungu hilo tu, msichanganye mafungu. Karatasi ina mistari ya kila noti, idadi yake na jumla yake, na saini tatu chini. Piga picha karatasi hiyo na ibandikwe ubaoni. Kama benki imefungwa, sanduku lilale kituo cha polisi likiwa limefungwa, na funguo zibaki kwa wale wawili.

Kitu kimoja kinachovunja imani kuliko wizi ni kutangaza mapato badala ya faida. Mshereheshaji anapiga kelele "milioni mbili!", siku ya kununua tangi inaonekana milioni moja na laki mbili, na kijiji kizima kinaanza kuuliza laki nane imekwenda wapi. Imekwenda kwenye nyama, mafuta na spika. Tangazeni mapato, gharama na kilichobaki, namba tatu kwa pamoja.

Ahadi za kwenye kipaza sauti nazo zichukuliwe kwa uangalifu. Andikeni jina, namba ya simu na tarehe ya kulipa, na msizihesabu ndani ya faida mpaka zifike. Kusoma majina na viwango hadharani huwafedhehesha wasio nacho, na anayetaka kutoa kwa siri kama dini inavyohimiza aachiwe sanduku lake.

Zakaa iwe na daftari lake peke yake. Qur-ani imezitaja aina nane za wanaostahiki, na masheikh wengi hawaruhusu zakaa iingie kwenye ujenzi. Muulizeni imamu kabla, mkiweza mpate jibu la maandishi: huenda ikafaa kumlipia maskini nauli ya hospitali, lakini isiingie kwenye saruji.

Mnada, mpira na sufuria

Bahati nasibu iacheni. Watu watasema ni kamari, na watakuwa na haki ya kusema hivyo. Mnada ndio unaokubalika na ndio unaoingiza fedha nzuri. Ombeni kila nyumba kitu kimoja wiki moja kabla: jogoo, mkungu wa ndizi, mkeka, doti ya kanga, nazi, asali, samaki aliyevuliwa alfajiri ile. Kila kitu kiandikwe namba na jina la mtoaji. Vitu 25 hadi 30 vinatosha. Vikizidi watu wanachoka na vya mwisho vinakwenda bure. Anzeni na vidogo, cha tano au cha sita kiwe kikubwa, kisha rudini kwenye vidogo. Mnadi awe mtu mwenye ulimi na anayewajua watu kwa majina. Mshindi analipa mezani kwanza, ndipo anapewa kitu.

Karafuu zisinadiwe. Kwa sheria ya Zanzibar mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, peke yake. Mkulima anayetaka kutoa pishi mbili auze kituoni kwao, alete fedha.

Bonanza la mpira linavuta vijana. Timu 8 za mtoano ni mechi 7. Vipindi viwili vya dakika 12, mapumziko 3 na dakika 3 za kubadilishana timu ni nusu saa kwa kila mechi, yaani saa tatu na nusu. Mkianza saa 1:30 asubuhi mnamaliza saa 5, na penalti za sare zitawasogeza nusu saa. Mnada uingie hapo, saa 5:30, watu wakiwa bado wamejaa na wana njaa, na umalizike kabla ya Adhuhuri. Mkiuweka baada ya chakula mtanadia viti. Ada ya timu ilipwe siku tatu kabla, maana timu ya kulipa uwanjani ndiyo isiyotokea.

Chakula kiuzwe kwa kuponi zenye namba na muhuri, kianze kuuzwa wiki moja kabla, na kipikwe kwa idadi ya kuponi zilizouzwa pamoja na asilimia 10. Kilo moja ya mchele inatoa sahani 7 za pilau, kwa hiyo sahani 200 zinataka kilo 30. Msizitie sufuria moja: chini utaungua, juu utabaki mbichi. Fanyeni masufuria matatu ya kilo 10. Kila moja lina nyama kilo 6, mbatata kilo 4, vitunguu kilo 2, thomu (kitunguu saumu) robo kilo, tangawizi robo kilo, mafuta lita moja na nusu, na bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, pilipili manga na karafuu kwa mkono wa mpishi. Supu na maji yawe lita 14 hadi 16, kwa kutegemea mchele. Pikeni kilo moja ya majaribio siku ya kabla. Mchele na kuni vikitolewa na nyumba za shehia, faida ya kila kuponi inaongezeka.

Shughuli ya afya ikiwaharisha watu, hamtaitisha nyingine. Wali uliopikwa usikae nje ya moto kwa muda wa zaidi ya saa mbili, kwa hiyo sufuria la mwisho liinuliwe baada ya Adhuhuri. Kachumbari ikatwe mwishoni, kwa tungule (nyanya) zilizooshwa kwa maji yaliyotiwa dawa. Wekeni ndoo zenye mfereji na sabuni kwenye mlango wa chakula na wa vyoo, na mtu wa kuzijaza. Kukiwa na kipindupindu, serikali husimamisha uuzaji wa vyakula vya wazi. Hapo fanyeni mnada na mpira, chakula kiacheni.

Mkiwaomba watu wa damu salama waje, wawekeeni chumba chenye kivuli asubuhi. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, awe amekula na kunywa maji. Mchezaji aliyetoka uwanjani asipelekwe, ataanguka.

Baada ya siku yenyewe

Ndani ya siku saba, karatasi ya mapato, gharama na salio ibandikwe kwenye baraza la sheha, kituoni na msikitini. Malipo ya tangi na saruji yafanywe kwa hundi au uhamisho wa benki moja kwa moja kwa muuzaji, na risiti zifungwe kwenye jalada moja linalobaki kituoni. Kama fedha haikutosha, jengeni msingi na gata kwanza, salio libaki benki, na muandike ubaoni kilichobaki kununuliwa na bei yake. Msinunue tangi dogo kwa haraka ili mpige picha.

Siku ya kukabidhi, sainini hati mbili na daktari dhamana: ya kwanza inaorodhesha vitu vilivyokabidhiwa, ya pili inasema nani anasafisha tangi kabla ya masika na kabla ya vuli, nani anageuza paipu ili mvua ya kwanza ioshe paa bila kuingia ndani, na mfereji ukikatika fedha ya kununua mwengine inatoka wapi. Zuieni laki moja kutoka kwenye faida kwa ajili hiyo, ikae kwenye akaunti ileile, kwa saini zilezile.