SOMO: Kuomba fedha za SBIR kwa kampuni ndogo ya teknolojia ya anga na ulinzi (Marekani)

Somo hili linawahusu wenzetu walioko Marekani wenye kampuni ndogo na wazo linaloweza kutumiwa na NASA au Wizara ya Ulinzi. SBIR, mpango wa serikali ya Marekani wa kufadhili utafiti wa kampuni ndogo, ilianza kwa sheria ya 1982: kila taasisi ya serikali ambayo bajeti yake ya utafiti unaofanywa na watu wa nje inazidi dola milioni 100 hutenga asilimia 3.2 kwa kampuni ndogo. Si mkopo, na serikali haichukui hisa. Bunge huidhinisha mpango huu kwa muda maalumu, na idhini ya 2022 ilikuwa na ukomo wa 30 Septemba 2025, kwa hiyo hakikisha kwanza kuna tangazo lililo wazi.

Hatua ya 1: Je, kampuni inafaa?
Iwe ya kibiashara, iwe Marekani, wafanyakazi wasizidi 500, na zaidi ya nusu ya umiliki iwe ya raia au wakazi wa kudumu. Mtafiti mkuu lazima awe mwajiriwa wako kwa zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi. Hapo ndipo wahadhiri hukwama. Wao waangalie STTR, mpango mwenza wa SBIR unaounganisha kampuni na chuo, ambako mtafiti mkuu anaweza kubaki chuoni. Humo kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na chuo asilimia 30.

Hatua ya 2: Usajili
Anza SAM.gov, tovuti ya kusajili wanaotaka mikataba au fedha za serikali, wiki nyingi kabla. Ni bure, anayekutumia barua pepe kudai ada ni tapeli. Kinachochelewesha zaidi ni jina au anwani isiyolingana na hati za kampuni, hata kwa nukta moja. Kisha jisajili SBIR.gov, halafu DSIP, lango la maombi la Wizara ya Ulinzi. NASA ina lango lake.

Hatua ya 3: Ongea na aliyeandika mada
Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka. Wizara ya Ulinzi hutoa mada, yaani tatizo inalotaka litatuliwe, kwanza kwa kusomwa tu, na katika kipindi hicho unaruhusiwa kumpigia simu au kumwandikia moja kwa moja aliyeiandika. Muulize kifaa kitafungwa kwenye ndege gani, nani atakitumia, nini kimeshajaribiwa kikashindikana, na kipimo gani kitamridhisha. Dirisha la maombi likifunguliwa rasmi, maswali hupitia kwenye lango tu na washindani wako wanayasoma. Ukigundua mada haiendani na ulichonacho, iache. Andiko zuri lisilojibu mada halipati kitu.

Hatua ya 4: Andiko na bajeti
Fedha hutolewa kwa awamu: ya kwanza ni ya kuthibitisha kwamba jambo linawezekana, bidhaa bado. Tuseme una kihisi cha kugundua nyufa kwenye bawa. "Tutaboresha usalama wa ndege" haipimiki. Andika: "Tutagundua ufa wa milimita 1 kwenye sampuli 12 za alumini, kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 85." Taja na kiwango ambacho usipokifikia, njia hiyo imeshindwa.

Katika tangazo la NASA la 2024, awamu ya kwanza ilikuwa hadi dola 150,000 kwa miezi 6, na ya pili hadi 850,000 kwa miezi 24. Katika awamu ya kwanza ya SBIR, theluthi mbili ya kazi ibaki kwenye kampuni yako. Katika ya pili, nusu. Kwenye bajeti weka pia gharama za uendeshaji na faida. Faida inaruhusiwa, na wengi wanaoomba mara ya kwanza huiandika sifuri bila sababu.

Hatua ya 5: Kuwasilisha
Maombi ya DSIP yana sehemu saba, zikiwemo mafunzo ya kuzuia udanganyifu na tamko la uhusiano na nchi za nje. Wasilisha siku mbili kabla.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina grinikadi, na mada imewekewa ITAR. Naruhusiwa?
Ndiyo. Kwa ITAR, yaani kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia za kijeshi, mwenye grinikadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi huhesabiwa sawa na raia. Mwenye viza ya kazi ya H-1B hahesabiwi. Kumwonyesha mchoro tu ni sawa na kusafirisha teknolojia nje ya nchi.

Kampuni yetu iko Nairobi. Tunaweza kuomba?
Hapana, ndugu. Hata kazi yenyewe sharti ifanyike Marekani, isipokuwa kwa kibali cha nadra.

Kaka yangu aliye Dar ana hisa asilimia 10. Ni tatizo?
Hisa hizo haziondoi sifa, ila zitaje kwenye tamko. Wanaochunguzwa zaidi ni wenye uhusiano na China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Kudanganya serikali ya shirikisho ni jinai.

Fedha zinalipwa mwanzoni?
Awamu ya kwanza kwa kawaida ni mkataba wa bei isiyobadilika, unalipwa ukiwasilisha ripoti. Uwe na akiba ya mishahara. Mikataba mingi ya awamu ya pili ya Wizara ya Ulinzi hurudisha gharama ulizotumia, kwa hiyo utahitaji hesabu zinazotenganisha kila mradi na jedwali la saa za kazi linalojazwa kila siku.

Uvumbuzi unabaki wa nani?
Wa kampuni; serikali hupata leseni ya kuutumia. Data zinalindwa kwa miaka 20 tangu mkataba utolewe, ila lazima uweke alama ya haki za SBIR kwenye nyaraka. Ripoti ikitoka bila alama hiyo, ulinzi wake unaweza kupotea.