Kulainisha tumbaku kavu kabla ya kuikata

Jani likivunjika ukiligusa, usilipeleke kwenye kisu. Utapata vumbi, na vumbi kwenye kiko cha baba mkwe wangu ni ugomvi wa siku nzima: linaziba bomba, linamwingia mdomoni, na lawama zinarudi kwa mkata tumbaku, ambaye ni mimi. (Kumwachisha mzee kuvuta kumeshindikana. Wewe usiyevuta, usianze.)

Hapa Urambo, masika hunifanyia kazi yenyewe. Natundika mashada barazani jioni, mbali na matone ya bati, na alfajiri majani yako laini. Nayakata kabla jua halijapanda, kwa sababu saa nne yameshaanza kukauka tena.

Shida ni kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua zirudi. Hewa yetu miezi hiyo haina unyevu wa kumpa mtu. Watu wengi hukimbilia kunyunyiza maji ya bomba moja kwa moja. Mimi sipendi. Tone likitua juu ya jani la mvuke, lile la njano linalokaushwa kwa joto bani, linaacha doa jeusi, na pale penye doa ndipo ukungu unapoanzia. Jani linataka unyevu wa hewa, polepole.

Chukua gunia la katani safi, lilowekwe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha ulikamue mpaka lisidondoke hata tone. Tandika nailoni sakafuni, weka gunia juu yake, halafu khanga kuukuu iliyo kavu, ndipo upange majani. Juu yake khanga nyingine, gunia jingine, na ufunike vyote kwa nailoni. Khanga ndiyo siri, maana maji hayaligusi jani. Acha usiku kucha. Majani ya chini ya mmea ni membamba, yatalainika mapema. Ya juu ni mazito na yana utomvu, huenda yakahitaji usiku wa pili. Usiyachanganye.

Ukiwa na haraka, mvuke wa sufuria unasaidia: jani moja moja, juu ya mvuke na si ndani yake, ukiligeuza. Hata viwanda vya Morogoro hulainisha kwa mvuke kabla ya kutenganisha jani na uti. Ila wao wana mitambo ya kupima, wewe una vidole, na vidole vinaungua.

Maganda ya viazi au chungwa ndani ya mkebe? Nimeyasikia sana. Yanaleta unyevu kweli, na yanaleta kuvu pia. Sifanyi.

Sasa kupima. Fumba jani kiganjani, kisha ufumbue. Likijikunjua lenyewe bila kupasuka, liko tayari. Likibaki limejikunja kama kitambaa kibichi, au likiacha unyevu mkononi, limezidi. Litandaze kivulini kwanza. Uti wa katikati uache ukiwa mgumu kidogo. Ukisubiri nao ulainike kabisa, jani lenyewe litakuwa limeloa kupita kiasi.

Uti uondoe kwa kuanzia nchani: kunja jani katikati, shika uti, vuta taratibu kuelekea kwenye kikonyo. Kisha panga majani machache, yaviringe kwa kubana, na ukate kwa kisu kikali, nyuzi nyembamba. Kisu butu kinaponda tu. Tandaza kwenye ungo kivulini mpaka ukiminya nyuzi ziachane zenyewe, ndipo uweke kwenye kopo lenye mfuniko. Ukiona utando mweupe au kunusa uvundo, tupa yote. Kufuta ukungu juu juu hakusaidii.

Vaa glovu. Nikotini hupenya ngozi, hasa jani likiwa na unyevu, na kizunguzungu na kichefuchefu chake si cha kuchezea. Watoto wasiwe karibu, na maji ya kulowekea magunia yamwagwe mbali na kuku.

Nyuti nazo usizitupe kwenye tuta la nyanya au pilipili. Kuna kirusi cha tumbaku kinachotia majani mabaka, na hakifi kwa jani kukauka. Kinahamia kwenye nyanya kupitia mabaki, hata kupitia vidole. Nawa kwa sabuni kwanza, ndipo uende bustanini.