Projekta katika chumba cha chini: vipimo, unyevu na umeme wa nyumba zetu

Asalam alaykum. Nyumba zetu za Unguja na Pemba kwa kawaida hazina chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Kinachofaa kwa projekta ni chumba cha ghorofa ya chini, cha ndani, kisichopigwa na jua. Kina kiza na ubaridi, na ndivyo tunavyotaka, ila kina unyevu pia. Anza na chumba, projekta ije baadaye. Anayenunua kabla ya kupima mara nyingi huishia kununua nyengine.

Hatua ya 1: Pima

Vyumba vya nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko: takriban mita 2.5 hadi 3. Basi picha ielekezwe kwenye ukuta mfupi.

Picha ya inchi 100 (kutoka pembe hadi pembe) ina upana wa sentimita 221 na kimo cha 125. Ya inchi 120 ni 266 kwa 149, na katika chumba cha mita 3 haiachi pahala pa spika. Kwa vyumba vyetu vingi inchi 100 inatosha kabisa.

Kisha tafuta uwiano wa masafa (throw ratio), ulioandikwa kwenye kitabu cha projekta. Zidisha uwiano huo kwa upana wa picha, upate masafa kutoka lenzi hadi ukutani. Projekta ya 1.2 itataka 221 × 1.2, yaani sentimita 265. Ya 1.5 itataka 332. Tia alama ya chaki sakafuni kwenye masafa hayo, simama hapo, utazame juu. Kuna pangaboi baina yako na ukuta? Likikatisha mwanga, picha itakuwa inapepesa usiku kucha, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoliondoa tatizo hilo. Hamisha pangaboi au chagua projekta ya uwiano mwengine.

Kimo nacho kipimwe. Ukiweka ukingo wa chini wa picha sentimita 80 kutoka sakafuni, wa juu utafika 205. Projekta nyingi za nyumbani hutaka lenzi iwe juu kidogo ya ukingo huo, tuseme 215, na hapo mtu mrefu atapita bila ya kugonga kichwa. Dari ikiwa na mita 3.5, utahitaji bomba la kuishushia projekta.

Hatua ya 2: Chagua mwanga

Kwenye boksi tazama lumeni za ANSI tu, yaani mwanga uliopimwa kwa kiwango rasmi. Projekta ndogo ya LED inayokula wati 60 haiwezi kutoa lumeni 9,000, hata boksi liseme nini. Wati ndizo zinazokwambia ukweli. Kwenye kiza kamili, lumeni 500 za ANSI zinatosha picha ya inchi 100. Kama watu watatazama mpira huku taa moja inawaka, anzia 2,500. Ulizia pia idadi halisi ya nukta za picha za projekta yenyewe: "inapokea 1080p" na "ni 1920 kwa 1080" ni mambo mawili mbalimbali.

Hatua ya 3: Kuitundika

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Kwenye dari la boriti, usitoboe boriti moja katikati ukaining'iniza projekta hapo. Kwanza zigonge boriti kwa mpini wa nyundo. Inayotoa sauti ya uwazi imeliwa, iache. Chukua ubao mgumu wa mita 1, upana sentimita 15, unene 2.5, ukazwe kwenye boriti tatu nzima kwa skrubu za milimita 70, baada ya kutangulia na tundu dogo la milimita 4. Boriti zimekatisha upana wa chumba, kwa hiyo ubao utalala kufuata urefu wa chumba. Faida yake kubwa: mkono wa projekta unaweza kuusogeza mbele au nyuma mpaka picha ikae sawasawa kwenye skrini.

Ukuta wa mawe na chokaa toboa bila ya mpigo wa nyundo wa drili, vyenginevyo plasta itamomonyoka. Drili ikizama kama inaingia kwenye unga, uko kwenye chokaa tupu, na fisha haitashika. Sogea sentimita chache mpaka uhisi jiwe limekaza.

Nyuma ya projekta na ubavu unaotoa joto acha sentimita 30. Usiitundike chini ya kiyoyozi. Maji yatadondoka siku usiyoitarajia.

Hatua ya 4: Waya na umeme

Waya wa HDMI wa kawaida hubeba 1080p hadi mita 10 bila ya taabu. Kwa 4K iliyozidi mita 5 hivi, tumia wa nyuzi za mwanga. Huo una upande: kichwa kimoja ni cha king'amuzi, chengine cha projekta, na ukiugeuza hupati picha. Soma maandishi ya vichwani kabla hujaupitisha kwenye paipu, na paipu yenyewe iwe ya milimita 32 ili kichwa kipite. Waya wa umeme upite njia yake.

Umeme ukipanda na kushuka, stebilaiza ni lazima. Projekta ya taa ya balbu inahitaji zaidi: umeme ukikatika ghafla, feni inasimama na taa bado ina moto mkali, na umri wake unapungua. Iwekee UPS (kifaa cha betri kinachoendeleza umeme kwa muda mfupi) ya VA 1,000, kisha ukiona umeme umekatika izime kwa rimoti na uiache feni imalize kazi. Za LED na leza haziumizwi hivyo.

Hatua ya 5: Kuilinganisha picha

Iwashe dakika 30 kwanza, maana lenzi hubadilika kidogo ikipata moto. Weka pimamaji juu ya mkono wa projekta, nyoosha kwa skrubu zake, na ndipo urekebishe lenzi mpaka herufi ndogo za menyu zisomeke pembe zote nne. Kunyoosha picha kwa menyu liwe jambo la mwisho. Kila unaponyoosha hivyo unapoteza sehemu ya picha.

Maswali ya wanachama

*Wete: Fundi, ukuta wangu ni wa matofali ya saruji. Naweza kupaka rangi tu nisinunue skrini?*

Unaweza. Piga wolputi, sugua kwa msasa namba 220, halafu zima taa na umulike tochi ubavuni mwa ukuta. Kila kinundu kitatupa kivuli. Rudia mpaka vivuli viishe, ndipo upake rangi nyeupe isiyong'aa mara mbili. Inayong'aa itakupa doa la mwanga katikati ya picha.

*Jang'ombe: Mchezaji kashapiga, sauti inakuja baadaye. Natumia spika ya Bluetooth.*

Bluetooth ndiyo inayochelewesha. Toa sauti kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi.

*Makunduchi: Zimetokea nukta nyeupe kwenye picha, na kila wiki zinazidi. Ni vumbi?*

Ikiwa ni projekta ya DLP, hapana. Ndani yake mna vioo vidogo sana, na nukta nyeupe ni vioo vilivyokwama. Hubadilishwa chipu nzima. Pigia hesabu bei yake kabla hujakubali. Vumbi huonekana kama doa la ukungu, na ukichezesha lenzi hubadilika.

*Chake Chake: Nikae nayo vipi wakati wa masika?*

Usiifungie wiki nzima. Iwashe saa moja kila baada ya siku mbili tatu, joto lake likaushe ndani, maana unyevu unaotuama huotesha kuvu kwenye lenzi. Safisha chujio la vumbi kila mwezi. Mijusi hupenda joto la projekta iliyozimwa, basi ifunike kwa kitambaa chepesi ikishapoa kabisa, na usizibe matundu ya hewa kwa wavu mzito. Vichwa vya HDMI vikifanya kutu ya chumvi, vifute kwa spiriti safi huku umeme umezimwa.

*Shangani: Nataka kuziba dirisha kwa matofali nipate kiza.*

Usifanye hivyo. Kwa nyumba ya Mji Mkongwe, mabadiliko ya dirisha yanahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na ukuta wa chokaa unahitaji hewa. Tundika pazia zito jeusi, lipite dirisha sentimita 20 kila upande, na asubuhi lifunguliwe.