Kabla ya kumpeleka mfanyakazi Oman: anzeni na majina yake

Hoteli na kampuni nyingi za Unguja na Pemba zinapotaka kupeleka watu wao Muscat kwa miezi kadhaa, hukimbilia tiketi. Tiketi ikatwe mwisho. Safari nyingi hukwama kwenye karatasi, na hasa kwenye majina.

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya skuli na chuo, na pasipoti kama ipo, kisha vilinganishe herufi kwa herufi. Kimoja kinasema Khamis, kingine Hamisi. Kimoja kina majina matatu, kingine mawili tu, jina la babu limeachwa. Hapa kwetu hilo halimsumbui mtu, kwani sheha anamjua yeye na ukoo wake. Karani wa viza hamjui, na hukwamisha ombi zima kwa herufi moja. Kosa la kwenye cheti hurekebishwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Tofauti ndogo huweza kumalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Yote hayo yaishe kabla ya kuomba pasipoti, la sivyo kosa litahamia humo na mtu ataanza upya kwa kulipa tena shilingi 150,000. Mwenye pasipoti tayari aangalie tarehe: iwe na angalau miezi 6 mbele kuanzia siku ya kuingia.

Cheti cha chuo kinachotakiwa huko hupita kwanza Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo kiende ubalozi mdogo wa Oman ulioko hapa Unguja. Ukianza na ubalozi utarudishwa. Kwa wafanyakazi walioko Pemba, hesabu na siku za boti, na uwakusanyie shughuli zote za Unguja katika safari moja.

Chanjo ya homa ya manjano hutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya dakika za mwisho haisaidii. Kadi ya zamani isitupwe. Tangu 2016 hutambuliwa kwa maisha yote. Vipimo vya afya vya nchi za Ghuba hutazama kifua kwa eksirei, virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C. Vifanyike kabla mtu hajakabidhi nafasi yake ya kazi, na majibu apewe mwenyewe. Ofisi inatosha kujua amefaulu au hakufaulu.

Mkataba una njia yake. Pasipoti ni jambo la Muungano, ajira si la Muungano. Hivyo mkataba unapelekwa Kamisheni ya Kazi Zanzibar. Uandike nani analipa mshahara, nani anaendelea kuchangia ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), nani anagharamia matibabu, na nani analipa tiketi ya kurudi kazi ikikatishwa kabla ya muda. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kinachoachwa mara nyingi, na ndicho kinacholeta ugomvi. Someni tarakimu pamoja naye: riali moja ina baisa 1,000, hivyo 150.000 kwenye karatasi ya Oman ni riali mia na hamsini, si laki na nusu.

Mafunzo yafuate kazi atakayoifanya. Mtaani Muscat atasikia Kiswahili, maana Waomani wengi wana asili ya huku, lakini jikoni mwenzake huenda akawa Mhindi au Mfilipino na amri zikatolewa kwa Kiingereza. Kiarabu cha chuo cha Kurani kitamsaidia kusoma kibao, si kujibu mpishi mkuu aliyekasirika. Mpishi azoezwe kwa vitendo: ubao mwekundu kwa nyama mbichi, wa buluu kwa samaki mbichi, wa kijani kwa saladi na matunda, friji nyuzi 0 hadi 5, friza 18 chini ya sifuri, na vipimo hivyo aviandike mwenyewe kwenye daftari kila zamu. Asiyezoea kuandika ataonekana mvivu hata kama mkono wake ni mzuri. Fundi wa nje ajue kwamba kuanzia Juni hadi Agosti kazi za juani husimamishwa saa 6:30 hadi 9:30 mchana, na kwamba saa za Muscat ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Mpeni fedha za kumfikisha hadi mshahara wa kwanza, kwani akaunti ya benki haifunguliwi siku ya kushuka. Laini yake ya nyumbani abaki nayo ikiwa hai. Namba za siri za benki hutumwa kwenye laini hiyo. Dawa zenye kodeini au tramadoli asibebe bila cheti cha daktari na kibali.

Pasipoti ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Msimamizi wa huko akiitaka akaiweke kabatini, mfanyakazi awe amekwisha kuambiwa ampigie nani wa kampuni, na namba ya ubalozi wa Tanzania Muscat iwe imeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Polisi wa dharura ni 9999.